Pumzi Iliyoletwa na Kampuni

Siku hiyo tulikuwa watano kwenye mistari ya juu ya shamba namba tisa, na nitawataja wote ili mtu asiseme nimepamba. Nilikuwepo mimi, Rael, nikiwa nimechuna majani chai kwa kampuni ile miaka ishirini na minne. Alikuwepo Mama Kwamboka, Mkisii aliyenifundisha kazi. Alikuwepo Arap Koech, nyapara wetu, na saa yake ya mkono ambayo aliitazama kuliko alivyomtazama mtu yeyote. Alikuwepo Madam Faith, mshauri aliyeletwa na kampuni kutoka mjini, na viatu vyeupe vilivyokuwa vimeshazama kwenye matope. Na alikuwepo Chepng'eno, mdogo wangu, ambaye nilimlea mimi. Wengine wa gengi letu walikuwa ng'ambo ya mfereji wakingoja zamu yao. Hao siwahesabu, ingawa walicheka.

Nyinyi vijana wa kanisa mmeniomba niandike juu ya kazi, jinsi tulivyochuna kabla ya mashine. Nitaandika. Lakini mtanivumilia nikikaa zaidi kwenye dakika kumi ambazo hatukuchuna hata jani moja, kwa sababu miaka yote ile ya kuchuna sikuona gumu kama dakika hizo kumi.

Kuchuna ni kuchukua majani mawili na chipukizi lake, basi. Mtu akikuambia kuna siri zaidi ya hapo anataka umnunulie soda. Ugumu ni kufanya hivyo kuanzia asubuhi umande ukiwa bado unakulowesha mpaka kiunoni, hadi jioni mgongo ukiwa umesahau kunyooka. Siku yangu ya kwanza kwenye kampuni nilijaza kikapu haraka kuliko wote, nikajivuna. Mama Kwamboka alikuja, akatia mkono ndani, akatoa majani magumu ya chini, akayapeperusha mbele ya uso wangu.

"Wewe Mkipsigis, unachuna ama unakamua ng'ombe? Umevuta kila kitu kilichoning'inia!"

"Na nyinyi Wakisii mnachuna kama mnakata ndizi," nikamjibu, maana sikuwa mtoto wa kunyamaza.

Alicheka, kisha akamwaga kikapu changu chote chini. Chote. Halafu akanionyesha. Alisema usivute jani, livunje, na likivunjika vizuri utasikia. Usitazame mwisho wa mstari, kwa sababu anayetazama mwisho wa mstari huchoka mara mbili, mara moja kwa macho na mara ya pili kwa mgongo. Tazama mkono wako ulipo. Mkono ukimaliza hapo, tazama ulipofika. Nilifanya hivyo kwa miaka na sikujua kwamba nilikuwa nimefundishwa kitu zaidi ya chai.

Sasa niwaambie kuhusu Chepng'eno.

Baba alitangulia, mama akafuata kabla mahindi tuliyopanda naye hayajakomaa. Nilikuwa darasa la sita. Chepng'eno alikuwa bado anabebwa mgongoni, na katikati yetu kulikuwa na wengine wawili. Watu wa Kedowa, kijijini kwetu, walikuja, wakalia nasi, wakala, wakaenda makwao. Siku ya tatu baada ya mazishi niliwaamsha wadogo zangu tukaenda kupalilia. Hakuna aliyenishauri vibaya, nilijishauri mwenyewe. Niliona tukikaa tutalia, na tukilia hatutakula. Basi ikawa sheria ya nyumba yangu kwamba hakuna anayekaa. Ukiwa na huzuni, shika jembe, na ukiwa na huzuni sana, shika mawili. Nilianza kuchuna kwenye mashamba madogo ya majirani, na nilipopata kitambulisho nikaandikwa kwenye kampuni, nikawa naishi kwenye laini, zile nyumba za wafanyakazi, na kurudi nyumbani nikipata siku.

Sheria hiyo ilitulisha. Siikatai. Lakini ilinifanya nijue dawa moja tu, na mtu mwenye dawa moja huwapa watu wote hiyo hiyo.

Chepng'eno alisoma mpaka akamaliza chuo cha ualimu. Halafu akangoja kuajiriwa. Alingoja miaka saba, akifundisha hapa na pale kwa vibarua, akipeleka karatasi zake kila zilipoitwa. Sijui ni kungoja huko kulikomvunja au ni kitu kilichokuwa ndani yake tangu akiwa mgongoni. Ninachojua ni kwamba alianza kulala mchana. Akaacha kuoga, akaacha kula. Ukimsemesha alikutazama kama mtu aliye ng'ambo ya mto asiyesikia unachosema. Siku moja aliniambia, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Dada, sioni haja." Nilimuuliza haja ya nini. Akasema, "Ya chochote."

Hospitalini wanaita depresheni. Redioni nimesikia wakiita sonona. Sisi hatukuwa na jina, kwa hiyo tukaita uvivu. Wengine waliita majivuno ya kusoma. Akina mama wa kanisa walikuja kumwombea, wakamwekea mikono kichwani, na mmoja alipotoka akaniambia, "Huyu hana imani ya kutosha." Mimi nikamleta kazini. Niliogopa kumwacha peke yake nyumbani, huo ndio ukweli, na kuogopa kwangu nikakuita kumsaidia. Nilimwomba Arap Koech amwandike kama kibarua. Nikampa mstari karibu na wangu, na kila aliposimama nilimwita kwa jina lake lote mpaka watu wakageuka.

Alikaa hivyo miezi mitatu. Kikapu chake kilifika kwenye mizani nusu, na hata sehemu ya nusu hiyo niliitia mimi.

Ndipo tukaletewa Madam Faith.

Tuliambiwa kampuni inajali afya ya akili ya wafanyakazi. Kila kundi dogo lilipewa dakika kumi. Mama Kwamboka alisema kwa miaka yote aliyofanya kazi pale hajawahi kupewa dakika kumi hata za kwenda msalani, kwa hiyo kuna kitu. Hakukosea. Lakini tulisimama pale kati ya mistari, na yule mwanamke kijana mwenye viatu vyeupe akasema, "Shikeni jani moja tu. Msilitie kwenye kikapu. Liangalieni."

"Tuliangalie tukitafuta nini?" Mama Kwamboka akauliza.

"Hamtafuti chochote, mama."

"Ah! Kuangalia bila kutafuta. Basi hiyo ni kazi ya nyapara."

Ng'ambo ya mfereji wakacheka. Arap Koech akatazama saa.

Madam Faith naye alicheka, na hapo ningemheshimu, lakini sikutaka. Akasema pumzi ikiingia tujue imeingia, ikitoka tujue imetoka. Mawazo yakija tusiyafukuze wala tusiyafuate. Tukigundua tumekwenda mbali, turudi kwenye jani, bila kujigombeza. Nikamwambia, "Madam, mimi nimepumua tangu nizaliwe na sikufundishwa." Wakacheka tena. Nilipenda walivyocheka.

Halafu nikasikia sauti nyuma yangu.

"Dada. Jani hili lina manyoya. Huku chini. Meupe."

Nikageuka. Chepng'eno alikuwa amelishika chipukizi karibu na macho, amelipindua. Uso wake ulikuwa umerudi. Sijui niandike vipi zaidi ya hivyo. Kwa miezi mitatu nilikuwa nimeishi na sura yake tu, na sasa mwenyewe alikuwa amesimama pale, ananionyesha kitu, kama alivyokuwa akinionyesha wadudu akiwa mdogo.

Mtu mwema angefurahi. Mimi nilikasirika. Nilikuwa nimempikia, nimemwosha, nimemwombea, nimemsukuma, nimemjazia kikapu, na hakuniambia neno. Sasa amekuja mgeni, amempa jani moja, tena jani letu wenyewe, naye anaongea. Nikasema kwa sauti ya kusikika mpaka ng'ambo:

"Manyoya hayo ndiyo yaliyokusomesha. Mimi nimeyashika mpaka vidole vikawa vyeusi, na sikupata nafasi ya kuyastaajabia. Litie kwenye kikapu."

Walicheka sana. Ilikuwa mara ya tatu, na ndiyo waliyocheka kuliko zote.

Chepng'eno alilitia kwenye kikapu. Mama Kwamboka peke yake hakucheka. Alinitazama, akasema polepole, "Rael, umemwaga chote." Madam Faith aliandika kitu kwenye karatasi, akaikunja, akampa mdogo wangu bila kunitazama. Arap Koech akasema, "Haya, dakika zimeisha."

Baada ya siku nne Chepng'eno alichukua mfuko wake akaenda Sigor kwa senge, dada ya baba yetu. Senge akanipigia simu. "Mtoto wako yuko huku. Umemfanya nini?"

Nikajibu, "Nimemsomesha."

Miezi iliyofuata sitawaelezea sana. Chepng'eno alikataa kuongea nami kwa simu. Senge aliniambia kuna siku haamki, kuna siku anaamka anakaa kwenye jiwe nje mpaka giza. Kila simu ilipolia nikiwa kwenye mstari, niliiacha ilie kwanza kabla ya kutazama jina. Nilijua ni simu gani ninayoiogopa, na nilijua kwamba ikija, nitakuwa nimeiita mimi, kwa mdomo wangu, watu wakicheka. Nilichuna vizuri kuliko wakati wowote mwaka ule. Arap Koech alinisifu.

Simu hiyo haikuja. Kilichomwokoa ni ile karatasi. Ilikuwa imeandikwa mahali pa kliniki na siku zake. Senge alimsindikiza mara ya kwanza, mdogo wangu akapewa dawa pamoja na mtu wa kuzungumza naye, kisha akaingizwa kwenye kikundi cha wanawake waliokutana kila Alhamisi wakifanya yale yale ya kukaa na pumzi. Ilichukua muda mrefu. Kuna wakati dawa zilibadilishwa, kuna wakati aliacha akaanguka akarudi. Nawaambia hili kwa sababu kuna watu watakaowaambia kwamba kupumua kunatosha, na wengine kwamba vidonge ni vya wendawazimu. Wote waacheni waongee, nyinyi nendeni kliniki.

Sisi tuliobaki tulielewa baadaye kwa nini tuliletewa mshauri. Mashine zilikuwa zimeshaagizwa. Mashine ya kuchuna hushikwa na watu wawili, mmoja huku na mmoja kule, wakitembea polepole na mstari katikati yao kama watu waliobeba jeneza. Haichagui majani mawili na chipukizi, inanyoa. Tuliitwa kwa majina, gengi kwa gengi. Mama Kwamboka alirudi kwao Kisii na mgongo ambao haukunyooka tena, na simu yake siku hizi haipatikani. Mimi nikarudi Kedowa.

Kwa hiyo nilikuwa sawa juu ya kampuni. Walitufundisha kutulia ili tutulie wakitufukuza. Hilo sitalisamehe, wala msiniambie nilisamehe. Lakini kuwa sawa kulinipumbaza. Ukishajua mtu ni mwongo unadhani kila kitu kilichopita mikononi mwake ni uongo. Pumzi ile haikuwa ya kampuni. Walikuwa wameileta tu, kama walivyoleta mbolea.

Nyumbani nilianguka. Mwanzoni nilijiambia ni uchovu. Nilikuwa na ng'ombe mmoja, mahindi, na nyumba isiyo na mtu, maana wote niliowalea walikuwa wameenda kwao. Asubuhi niliamka saa ile ile ya kazi, nikakaa kitandani, na vidole vyangu vikawa vinachuna blanketi. Havikuacha. Nilivitazama kama vya mtu mwingine. Jirani ndiye aliyekuja kumkamua ng'ombe alipomsikia analia. Akina mama wa kanisa walikuja, wakaniwekea mikono, na nilimsikia yule yule nje akisema yale yale.

Chepng'eno alikuja siku ya tano. Sijui nani alimpigia. Aliingia na mfuko ule ule, akaweka maji motoni, akaniosha miguu. Hakuniuliza kitu. Asubuhi akaniambia, "Dada, twende zizini."

"Siwezi."

"Najua. Twende hivyo hivyo."

Alinikalisha kwenye kigoda, akaanza kukamua. Akasema nisikilize maziwa yakiingia kwenye ndoo. Mwanzo ndoo ikiwa tupu yanalia, ikijaa yananong'ona. Niambie yanapobadilika, akasema. Nikajua anachofanya.

"Hii ni ile ya kampuni," nikasema.

"Hata gambuti zilikuwa za kampuni," akasema bila kugeuka. "Na ulizivaa mpaka zikatoboka. Sikiliza."

Nikasikiliza. Nilipotea mara nyingi, nikajikuta niko kwenye mizani, nikajikuta niko kaburini kwa mama. Kila mara alijua. "Umeenda wapi?" Namwambia. "Sawa. Rudi." Hakuwahi kusema, "Acha kufikiria hayo." Siku ya kwanza nilisikia maziwa yakibadilika mara moja tu, na nikalia. Alinipeleka kliniki wiki iliyofuata, tukakaa foleni pamoja, na aliponijazia karatasi aliandika jina langu kwa mwandiko mzuri wa mwalimu.

Alikaa nami mpaka mvua ikaisha. Baadaye akaajiriwa, sasa anafundisha upande wa Bomet, na huja shule zikifungwa.

Niliyojifunza kwake ni haya, na ni kazi kama kazi nyingine, ina namna yake. Usijaribu kuifanya akili iwe tupu. Akili ni shamba, litaota tu. Kazi yako ni kuona limeota na kurudi pale mkono ulipo. Ukifunga macho na mabaya yakaja, yafungue, tazama kitu cha karibu. Anza na muda mfupi kama wa kusubiri uji upoe. Usifanye peke yako ukiwa umefika mahali pa kusema huoni haja. Hapo mwambie mtu, siku hiyo hiyo. Na ukiwa wewe ndiye unayeambiwa, funga mdomo wako. Nimeona kwamba mgonjwa akirudi kidogo, hurudi na kitu kidogo mkononi cha kukuonyesha, na kitu chenyewe kitakuwa cha kipuuzi. Kitazame naye.

Sijapona kabisa. Yeye pia husema hivyo juu yake. Kuna asubuhi vidole vinaanza, nami navishika mkono kwa mkono mpaka vinatulia.

Chepng'eno hajawahi kutaja siku ile ya namba tisa. Si kwa mzaha, si kwa hasira, hata siku niliyomgombeza zizini hakuitaja. Angenidai, ningejitetea. Ningesema nilikuwa nimechoka, nilikuwa mtoto nikilea watoto. Hanidai, na mimi sijawahi kumwomba msamaha. Kwetu mkubwa aliyewalea wengine hana maneno ya kumwomba mdogo wake. Sikuyasikia kwa mtu yeyote, kwa sababu aliyepaswa kunifundisha alikufa nikiwa darasa la sita. Hicho nacho ni kisingizio, nakijua.

Mtasema nimpe karatasi hizi azisome. Hapana. Nilimwaibisha kwa mdomo, na deni la mdomo halilipwi kwa barua.

Likizo iliyopita nilimsindikiza mpaka barabarani. Nilikuwa nimejiandaa wiki nzima, hata kuomba nilikuwa nimeomba. Tulisimama pale, mfuko wake chini, mtungi wa mursik, maziwa yetu ya mgando, niliomfungia ukiwa kwapani. Pikipiki ilipoonekana nikamshika mkono.

"Chepng'eno."

"Dada."

Alingoja. Alinitazama sawasawa, bila kunisaidia na bila kuniharakisha, na nikaona anajua.

"Umebeba mwavuli?" nikasema.

Akainua mfuko wake. "Nimebeba, dada."

Akapanda, akakumbatia mtungi, wakaenda. Nikabaki barabarani, bado ninadaiwa.